Gia ya VVT si chuma kimoja: kwa vijana wapya wa gereji

Wanangu mnaoanza kazi, na nyinyi mliotoka chuo cha Vitongoji hapa Pemba na vyeti vyenu vya Mafunzo ya Amali mkononi, wiki hii nimekiona tena kitu nilichodhani tumeshakizika. Gia ya VVT, ile inayobadilisha wakati wa vali kufunguka, imebanwa kwenye jiliwa, bolti nne za usoni zimefunguliwa, rota iko nje, na kijana anaisugua kwa msasa ipate kung'aa. Kijana mwenyewe ana bidii, ana mikono mizuri, na anafika kazini kabla yangu. Ndiyo maana naandika badala ya kugomba.

VVT inafanya nini mnajua: oili inasukuma mapezi ya rota ndani ya nyumba ya gia, na kamshafti, ile inayofungua vali, inawahi au inachelewa. Msichokijua wengi ni kwamba gia ile imekusanya vitu vyenye tabia mbalimbali, vikakutanishwa kwa hesabu. Ukiigusa bila kuijua hesabu hiyo, umeivunja hata kama kila bolti imerudi mahali pake.

1. Sumaku kwanza, spana baadaye. Gia ikitoka, ipitishe sumaku sehemu moja moja. Meno ya cheni yatanasa. Hayo kwa kawaida ni chuma cha unga, yaani unga wa chuma uliogandamizwa kwenye kalibu na kuokwa, kisha meno yakatiwa ugumu, kwa sababu cheni ingeitafuna alumini upesi. Nyumba ya gia huenda isinase, maana watengenezaji wengi huifanya ya alumini ili kupunguza uzito unaozunguka na kamshafti. Rota inaweza kuwa chuma, inaweza kuwa alumini. Pini ya kufungia ni chuma kigumu, na kwenye nyumba ya alumini huingia katika bushi ya chuma, kwani tundu la alumini tupu lingepanuka mapema. Ncha za mapezi mara nyingi zina sili za plastiki ngumu zinazosukumwa na springi nyembamba. Vyote hivyo vinaoga oili moja inayopita nyuzi 100 za joto.

2. Usitoe rota ya gia hii ukaitia kwenye nyumba ya gia ile. Hapa nitakaa, kwa sababu jambo hili lilipita mikononi mwetu, na mimi ndiye niliyekuwa nakagua kazi kabla gari haijatoka.

Ililetwa Toyota IST ya mwalimu mmoja wa skuli. Asubuhi ukiiwasha inagonga sekunde moja, halafu kimya. Dalili mnaijua: pini imekwisha, gia inacheza mpaka oili ifike. Gia mpya ilitakiwa itoke Unguja, kusi lilikuwa limechachamaa, boti hazina uhakika, na mwalimu alikuwa na safari. Kijana mmoja akapekua sanduku la vyuma chakavu akatoka na gia inayofanana na ile kwa macho. Meno yake mabovu, lakini rota na pini vizuri kabisa. Akasema, “Fundi, tuchukue rota hii tuitie kwenye nyumba ya mwenyewe.” Nilizungusha kwa mkono, ikateleza vizuri. Nikapitisha fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, pembeni, nafasi ipo. Nikasema funga.

Asubuhi yake haikugonga. Mwalimu akalipa, akashukuru, akaondoka.

Akarudi na malalamiko: akienda mwendo gari haina neno, akisimama baada ya safari injini inatetemeka na kuzima, taa ya injini inawaka. Tukasoma kodi ya hitilafu, P0011, kamshafti ya vali za kuingiza hewa imewahi kupita kiasi. Tukabadilisha vali ya kudhibiti oili. Gari ilikuwa imeshapoa uani kwetu, tukawasha, ikatulia, akaondoka. Ikarudia. Tukasafisha kichujio cha vali, tukamwaga oili. Ikarudia. Tukatia sensa ya kamshafti. Kila tulipomaliza injini ilikuwa baridi, na kila ikiwa baridi ilikuwa nzima, nasi tukaiamini.

Kisha ikamzimia njia ya Mkoani, amemchukua mama yake kumuwahisha boti, mama ana miadi ya hospitali Unguja. Wakasimama juani hadi mpita njia mwenye pikapu akawachukua. Boti waliikuta. Mwalimu hakunifokea. Alikuja na funguo, akaziweka mezani, akasema, “Fundi, mimi nimeshindwa, tazameni nyinyi.” Maneno hayo yaliniuma kuliko ambavyo angenitukana.

Safari hiyo nilikataa mtu yeyote asifungue kitu. Niliiendesha mwenyewe mpaka ikachemka sawasawa, nikarudi nayo uani ikiwa inatetemeka, na hapo hapo nikachomoa waya wa vali ya oili. Umeme ukikatika, vali hurudi upande wa kuchelewesha na gia lazima irudi nayo. Haikurudi. Oili haikuwa na kosa, umeme haukuwa na kosa: gia ilikuwa imekwama kwa joto. Tulipoifungua, nyuso mbili za rota zilikuwa na duara la mkwaruzo linalong'aa. Nikaweka sumaku. Nyumba ikanasa, rota haikunasa.

Sasa fanyeni hesabu nami, maana hesabu hii ndiyo niliyopaswa kuifanya siku ile. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma: sehemu 23 za milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, chuma sehemu 12. Chukua rota ya unene wa milimita 20. Itoe nyuzi 30 za Chake Chake asubuhi, ifikishe 110. Alumini imeongezeka karibu milimita 0.037, nyumba ya chuma imeongezeka 0.019 tu. Tofauti ni 0.018. Mtasema hicho ni kitu gani? Lakini nafasi ya pembeni mwa rota yenyewe hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, kwa sababu oili ikipata mwanya mkubwa inavuja kutoka chumba hiki hadi kile na gia inakosa nguvu. Kwenye ncha za mapezi tofauti kama hiyo ina wa kuibeba, ndiyo kazi ya sili na springi. Pembeni hakuna sili. Chuma kwa alumini, na alumini imeshiba joto: inabana kama mlango wa mti wakati wa masika.

Kinyume chake pia ni balaa, ila balaa ya kimya. Rota ya chuma ndani ya nyumba ya alumini ambayo haikupimiwa, nafasi hupanuka ikipata moto wakati ule ule oili inapokuwa nyepesi. Gia haikwami, inalegea na kuyumba kwenye silensa, yaani injini ikinguruma gari imesimama. Kiwanda hukutanisha alumini na chuma kila siku, lakini hupima nafasi ya baridi huku kikijua ya moto itakuwa ngapi. Fila geji yangu ilipima ya baridi peke yake.

Tulimrudishia mwalimu pesa za vali na sensa, tukamfungia gia nzima mpya.

3. Msasa hapana. Alumini ya ndani ya gia mara nyingi imetiwa ngozi ngumu kwa umeme, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia kulika. Safisha kwa kimiminika na brashi laini.

4. Chumvi yetu ihesabiwe. Bolti ya chuma ndani ya alumini, ongeza unyevu wa bahari, ndiyo betri ndogo, na anayelika ni alumini. Ukiona unga mweupe pembeni mwa bolti ya vali ya oili, usivute kwa hasira. Tia mafuta ya kulegezea, subiri, rudisha kidogo mbele na nyuma. Zile bolti ndogo za M6 zikikatikia kwenye kava mnajua zinavyotutesa. Na hata bila chumvi, nyuzi za bolti zilizochongwa kwenye alumini si za kuonea: injini za Toyota za 2AZ-FE za mwanzo zilijulikana kwa bolti za silinda hedi kung'oa nyuzi za bloku, na matengenezo yake ni kutia nyuzi za chuma za kupachika. Tumieni spana ya kupimia nguvu, namba ya kitabu cha injini hiyo hiyo, si ya jirani yake.

5. Vifuniko vya kamshafti havibadilishwi na vya hedi nyingine. Vilichongwa pamoja na hedi yake, na oili ya VVT nyingi hupitia hapo. Ile washa, yaani pete nyembamba yenye mkwaruzo kama mchanga, inayokaa kati ya gia na kamshafti kwenye baadhi ya injini, si uchafu: chembe zake ni almasi na ndizo zinazoshika. Silikoni ya kuzibia paka nyembamba, inayobaki ndani huishia kwenye kichujio.

6. Mkitaka kupima gia ya injini ya Toyota ya 1NZ-FE, kitabu kimeeleza njia: ziba matundu ya oili kwa tepu, toboa tepu ya tundu moja la upande wa kuwahisha na moja la kuchelewesha, peleka hewa ya takriban kPa 150, pini itaachia, uzungushe kwa mkono. Weka kitambaa, oili itaruka. Na kitabu hicho hicho kinakataza kufungua zile bolti nne.

7. Mteja ajue mapema. Akikuambia inagonga asubuhi, mtajie bei ya gia nzima na siku ambazo boti inaweza kuchukua, kabla hujagusa kava ya cheni. Akisema hana, gari yake ikiwa bado inatembea na cheni haijalegea, arudi nayo akatafute. Sanduku la vyuma chakavu lina kazi nyingine, na kuanzia Jumatatu gia za VVT zilizomo nazitoa.