Maswali ya Wasomaji: Kabla Mkono Haujakosea

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na shule zinapokaribia kufunguliwa hushona mashati ya sare kwa mamia. Kola, ambayo ndiyo kazi ngumu, siikosei. Ninachokosea ni mfuko wa kifuani, ambao hata mwanagenzi wa wiki mbili anauweza: nitashona mifuko 39 sawasawa, kisha wa 40 nitaushona mdomo ukiwa chini, na sindano ikishapita tu moyo hushtuka. Nikisema nimepitiwa, mwenye duka hunijibu kuwa ni uzembe. Je, kuna kinachotokea kichwani kabla mkono haujakosea, au mwenye duka amesema kweli?

JIBU: Neno lako, kupitiwa, linaeleza jambo hili vizuri kuliko la mwenye duka, ila linatufanya tudhani kwamba kinachompitia mtu humpitia ghafla, kufumba na kufumbua. Utafiti ulioongozwa na Tom Eichele wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na kuchapishwa mwaka 2008 katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, ulionyesha vinginevyo. Watu 13 waliingizwa katika mashine ya MRI, wakaonyeshwa safu za mishale na kutakiwa kubonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia kwa kufuata mshale wa katikati, bila kujali ile ya pembeni. Ni kazi ya kitoto, na inachosha kwa wepesi wake kama mifuko yako. Watafiti walipozichambua picha za ubongo na kurudi nyuma kutoka kwenye kila kosa, walikuta kwamba mabadiliko yalikuwa yameanza mapema, mengine hadi sekunde 30 kabla kidole hakijabonyeza kitufe kisicho chake.

Mabadiliko hayo yalikwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Kuna maeneo yaliyo katikati ya ubongo, hasa upande wa nyuma, ambayo huchangamka mtu anapopumzika au mawazo yake yanapozurura, na hutulia anaposhika kazi. Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis, Marekani, waliyaeleza maeneo ya namna hiyo mwaka 2001. Katika jaribio la mishale, maeneo hayo yalianza kuchangamka tena kidogo kidogo ilhali kazi bado inaendelea. Wakati huohuo maeneo ya mbele, yanayomsaidia mtu kudumisha juhudi, yalikuwa yakipoa. Mtu mwenyewe hakuhisi lolote, na vidole vyake viliendelea kujibu sawasawa, mpaka ulipofika mshale uliohitaji umakini ambao haukuwapo tena.

Kwa nini ubongo ufanye hivyo? Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, ingawa uzito wake ni kama asilimia 2 tu, na maelezo yanayoonekana kuwa na nguvu ni kwamba kazi ikishazoeleka ubongo hubana matumizi. Mara nyingi ubanaji huo ni wa busara, kwani ile mifuko 39 ilikwenda sawa. Kosa huja ubanaji huo unapopita kiasi. Kola, nadhani, haikupi nafasi ya kubana, na ndiyo maana huikosei.

MRI, hata hivyo, hupima damu na oksijeni yake, navyo huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya shughuli yenyewe. Ili kuona dakika ya mwisho, au tuseme sekunde ya mwisho, hutazamwa umeme wa ubongo au sumaku inayotokana nao. Mwaka 2009 Ali Mazaheri na wenzake walitoa matokeo ya jaribio ambalo washiriki walibonyeza kitufe kila tarakimu ilipotokea, isipokuwa 5. Katika sekunde iliyotangulia kosa, mawimbi ya alfa, yaani mdundo wa ubongo unaopata nguvu ubongo unapotulia, yaliyopimwa nyuma ya kichwa yalikuwa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 25 kuliko kabla ya jibu sahihi.

Na ule mshtuko wako sindano inapopita? Nao una alama yake. Michael Falkenstein na wenzake huko Dortmund, Ujerumani, waliieleza mwaka 1991: ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kosa, wimbi hasi la umeme huchomoza upande wa mbele wa kichwa. Katika utafiti wa Eichele, mtu alipotambua kosa lake, ule mwelekeo wa ubongo uligeuka mara moja na maeneo ya juhudi yakaamka. Bila shaka umeona kwamba shati la 41 hulishona polepole, na halina kasoro.

Kuhusu mwenye duka, sitaki kuwagombanisha. Mwambie tu kwamba kukemea hakufiki mahali kosa linapoanzia, kwa sababu hata mwenye kosa hapaoni. Kinachosaidia ni kuivunja ile hali kabla haijakomaa. Wafanyakazi wa reli nchini Japani hunyoosha kidole kwenye taa au kifaa na kutamka kwa sauti wanachokiona, na jaribio la mwaka 1994 la taasisi ya utafiti wa reli ya huko lilionyesha makosa yakishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100. Wewe chora mstari wa chaki panapokaa mdomo wa mfuko, uguse mstari huo na useme "mdomo juu" kabla hujakanyaga pedali. Wenzako watacheka siku mbili tatu.

SWALI: Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku, Mombasa. Nimesikia kwamba itatengenezwa kofia ya kumwonya mtu kabla hajakosea. Tuitegemee?

JIBU: Wazo hilo limezungumzwa tangu matokeo ya 2008 yalipotoka, lakini usiliharakie. Matokeo hayo ni wastani wa majaribio mengi yaliyojumlishwa, na mara nyingi ubongo hupoa bila kosa lolote kufuata. Isitoshe, mawimbi ya alfa hupanda kwa sababu nyingine pia: Hans Berger wa Jena, aliyeyaeleza mwaka 1929, aliyaona yakipanda mtu anapofumba macho tu. Kofia yako ingelia kila unapoingiwa na vumbi machoni, na kabla ya saa nane za usiku ungekuwa umeshaitundika ukutani.