Atupele, uliuliza nilisoma nini

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu Atupele,

Salamu nyingi. Hapa mvua haijakatika tangu Alhamisi, Mlima Rungwe sijauona siku ya nne leo, na chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma. Mimi mzima. Goti ni lile lile.

Ujumbe wako niliusoma mara tatu. Umeuliza: "Baba, tangu Mama atutoke miaka miwili iliyopita umekuwaje mtulivu vile? Ulisoma vitabu gani vya kiroho? Nitajie na mimi nivinunue." Nimeona heri nikujibu kwa karatasi, kwa sababu kwenye simu huwa nakudanganya. Naandika "nipo salama" na kuweka kile kidole gumba.

Kwanza, sikuwa mtulivu. Ulichokiona wewe ni mwalimu mstaafu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Miezi mitano ya mwanzo sikusoma kitu. Nilikuwa nafungua Biblia, nikifika chini ya ukurasa sijui nilianzia wapi, naifunga.

Kilichonifungua ni Zaburi ya 88. Mchungaji mmoja mstaafu aliniambia niisome hiyo, tena nisiharakishe. Zaburi nyingi za kulalamika hugeuka mwishoni zikawa shukrani. Hii haigeuki, inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani. Nikashangaa kwamba wazee wale waliozikusanya zaburi zote 150 waliiacha humo bila kuibandikia mwisho mzuri. Nikaona basi hata mimi naruhusiwa kuomba nikiwa hivi nilivyo.

Toka hapo nikaingia Ayubu. Kina sura 42, na watu wengi husoma mbili za mwanzo na ile ya mwisho, wakaondoka na hadithi ya mtu aliyenyang'anywa mali akarudishiwa maradufu. Wewe soma katikati. Watazame wale rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hapo walifanya vyema kuliko popote. Walipofungua midomo wakaharibu. Unamkumbuka yule aliyenivuta pembeni ya turubai siku ya matanga akaniambia kifo hiki ni laana ya ukoo, nitafute mtu wa kuivunja? Nimempa jina la Bildadi. Hata leo nikimwona sokoni nacheka peke yangu. Na uangalie mwishoni Mungu anamkasirikia nani: anawakasirikia wale marafiki waliokuwa wakimtetea, siyo Ayubu aliyepiga kelele.

Kwa hiyo vile vitabu saba ulivyonipigia picha, vya kuvunja laana na kufungua milango ya mafanikio, sitavisema sana. Viwili nilishavisoma. Bildadi angevipenda. Fedha yako, mama, usiipeleke huko tena.

Sasa kuna kitabu ninachotaka ukisome kuliko vyote, Maungamo ya Augustino. Jina lisikutishe. Ni Mwafrika, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria, akaja kuwa askofu wa Hippo, huko huko Afrika. Ndani yake kina sehemu 13 zinazoitwa vitabu. Vinne vya mwisho viache kwanza. Mimi alipofika kwenye habari za wakati na uumbaji nilisinzia. Soma cha kwanza hadi cha tisa. Anamsimulia Mungu maisha yake bila kujipamba, hata mapeasi aliyoiba usiku na wenzake akiwa kijana. Hawakuwa na njaa, mengi waliwatupia nguruwe. Aliiba kwa utamu wa kuiba tu. Mimi niliyefundisha wavulana wa darasa la saba miaka mingi nilipofika pale nikajua huyu mtu hasemi uongo.

Lakini nataka ufike kitabu cha tisa. Ni mwaka 387, Augustino na mama yake Monika wako Ostia, bandari ya Roma, wanangoja safari ya kurudi Afrika. Monika anashikwa na homa. Ndugu wa Augustino anasema heri mama angefia nyumbani kuliko ugenini. Monika anamtazama kwa jicho la kumkaripia. Anawaambia wauzike mwili wake popote, wasijisumbue nao. Anachoomba ni wamkumbuke mbele ya madhabahu ya Bwana.

Atupele, pale niliweka kitabu mezani nikatoka nje, nikasimama chini ya migomba mvua ikininyeshea. Unajua vile wajomba zako walivyotaka mama yako azikwe kwao Kyela, na baba zako wadogo wakasema haiwezekani, na mwili ukakaa Mbeya siku mbili zaidi watu wakibishana juu ya udongo. Nami nilinyamaza, na kila mtu akasema mzee ana hekima. Mama yako alishawahi kuniambia, akiwa anamenya ndizi jikoni, kwamba yeye asije akagombaniwa. Maneno hayo sikuyatoa kikaoni. Niliogopa kuonekana navuta upande wangu. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba muda wote ule, na sikulijua mpaka mwanamke aliyekuwa katika mwaka wake wa 56, aliyekufa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, aliponisemea.

Mwezi wa sita nilipanda gari nikashuka Kyela nikawaambia wajomba zako. Mkubwa wao alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaingia ndani akanifungia mchele, nikarudi nao. Mengine hatujayasema.

Halafu Augustino mwenyewe. Baada ya mazishi anaona haya kulia, anajikaza. Amesikia kwamba kuoga huondoa majonzi, basi anakwenda kuoga. Anatoka huko majonzi ni yale yale! Analala, anaamka, zinamjia kichwani beti za wimbo wa Ambrosi, askofu aliyembatiza, ndipo machozi yanapotoka. Mimi yangu yalitoka nikiosha sufuria.

Na kuna kitabu kingine, cha mtu wa jikoni. Bruda Lawrence alikuwa askari, akaumizwa vitani, akaingia utawa wa Wakarmeli kule Paris, wakampanga jikoni. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo, na aliifanya kwa miaka kama 15. Alikufa mwaka 1691. Kitabu kilikusanywa baadaye kutoka kwenye barua na mazungumzo yake. Anasema alizungumza na Mungu katikati ya masufuria sawa na alivyozungumza naye akiwa amepiga magoti. Kwa jioni mbili unakimaliza. Mimi, ambaye nimejifunza kusonga ugali uzeeni, mwaka wa pili huu nakifanyia mazoezi na bado naunguza maharage.

Kitabu cha mwandishi C. S. Lewis, alichoandika mkewe alipofariki, sikutumii kwa sasa. Ni cha mgane, wewe ni mtoto. Alikitoa mwaka 1961 kwa jina la kificho, na inasimuliwa kwamba watu walimpelekea zawadi kitabu hicho hicho kimfariji.

Na kile kijitabu chetu cha Kimoravian cha maneno ya kila siku, ulichokulia nacho, kitafute tena huko Dar. Kilianza kuchapwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731, miaka 160 kabla wamisionari hawajafika hapa Rungwe. Asubuhi mama yako ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti. Siku hizi nasoma mimi, kwa sauti vile vile, ingawa hakuna wa kusikia ila kuku.

Usinunue vyote. Maungamo nakutumia nakala yangu, ni ya Kiingereza na nimeichorachora kwa penseli, utanisamehe. Nimeifunga kwenye gazeti nikaiweka juu ya maparachichi, imo kwenye boksi la kesho asubuhi. Kondakta ana namba yako. Kurasa tatu nne kwa siku zinatosha. Kwenye kitabu cha tisa nimeweka jani la chai lililokauka. Ukifika hapo nipigie, hata kama ni usiku.

Ndaga fijo, asante sana kwa kuuliza.

Baba yako