Kupima Usingizi Dodoma: Ya Kujua Kabla Hujabeba Dodoso

Dodoso la usingizi utakalokutana nalo mara nyingi zaidi, iwe unafanya utafiti wa shahada au umeajiriwa kama msaili, ni PSQI (Pittsburgh Sleep Quality Index), yaani kipimo cha ubora wa usingizi cha Pittsburgh. Lilitolewa mwaka 1989 na Daniel Buysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Lina maswali 19 ambayo mhojiwa hujibu mwenyewe kuhusu mwezi mmoja uliopita, na mengine 5 ya mwenzi wake au anayelala naye chumba kimoja, ambayo hayaingii kwenye alama. Majibu hukusanywa katika vipengele 7, kila kimoja kikipata alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni 0 hadi 21. Anayezidi 5 huhesabiwa kuwa na usingizi duni. Wageni wengi wa kazi hii huogopa hesabu za mwisho. Hizo zitafanywa na kompyuta. Ogopa maswali 4 ya mwanzo, kwa sababu kosa linaloingia pale hubeba sura ya jibu halali, na mchambuzi aliyekaa ofisini hana namna ya kulitambua.

Maswali hayo ni haya: kwa kawaida unaingia kitandani saa ngapi usiku, unachukua dakika ngapi mpaka usingizi ukupate, unaamka na kutoka kitandani saa ngapi, na kwa hakika unapata saa ngapi za usingizi. Muda wa kulala na ufanisi wa usingizi (saa za usingizi kama asilimia ya saa za kitandani) vinatoka hapo moja kwa moja, na kipengele cha kuchelewa kupata usingizi kinatoka hapo kwa sehemu.

Anza na saa. Mhojiwa wa Nkuhungu au Chamwino atakwambia analala saa 4 na kuamka saa 12. Simu yako inasoma 22:00 na 06:00. Ukiandika zote kwa saa zetu, 12 kutoa 4 ni saa 8, sawa. Ukiandika zote kwa saa za simu, kutoka 22:00 hadi 06:00 ni saa 8, sawa vilevile. Balaa ni kuchanganya. Chukua mtu anayesema anapata usingizi wa saa 6. Ufanisi wake ni 6 gawanya kwa 8, mara 100, yaani asilimia 75, na kwa jedwali la PSQI anapata alama 1. Msaili akiandika kulala 4 na kuamka 06:00, muda wa kitandani unakuwa saa 2 na ufanisi asilimia 300; hilo linaonekana kosa mara moja, na ni afadhali. Lakini akiandika kulala 22:00 na kuamka 12:00, muda wa kitandani unakuwa saa 14 na ufanisi asilimia 43. Namba hiyo inawezekana kabisa kwa mgonjwa. Mtu anapewa alama 3 badala ya 1 na hakuna atakayeshtuka.

Dawa yake ni kuamua mapema na kuandika kwenye mwongozo wa wasaili: saa iandikwe kama ilivyotamkwa, pamoja na sehemu ya siku (jioni, usiku, alfajiri, asubuhi), kila moja kwenye kisanduku chake. Kugeuza kufanyike ndani ya fomu ya KoboToolbox (programu ya kukusanyia data kwa simu) au kwenye uchambuzi, siyo kichwani mwa msaili aliyesimama juani. Saa zetu zina faida kubwa hapa, kwa kuwa usiku mzima unahesabika kuanzia saa 12 jioni bila kukatwa katikati. Weka saa 12 jioni kuwa 0, saa 4 usiku kuwa 4, saa 8 usiku kuwa 8, saa 11 alfajiri kuwa 11, saa 12 asubuhi kuwa 12, saa 1 asubuhi kuwa 13. Kutoa kunakuwa rahisi na hutahangaika na tarehe inayobadilika katikati ya usiku. Kisha weka kizuizi kwenye fomu: saa za usingizi zisizidi saa za kitandani. Kizuizi kikigoma, msaili arudie maswali yote manne. Asipunguze namba moja ili fomu ipite.

Tatizo la pili ni kitenzi. Ukiuliza "Unalala saa ngapi?", mmoja atakutajia saa anayojilaza, mwingine saa ambayo usingizi humchukua, na wa tatu saa anayoingia chumbani akiwa na simu mkononi. Uliza kwa hatua: "Unapanda kitandani saa ngapi? Ukishazima taa na kuweka simu pembeni, inachukua dakika ngapi mpaka usingizi ukuchukue?" Halafu, baada ya kupata saa ya kuamka: "Ukiondoa muda uliokaa macho, unadhani usingizi wenyewe ulikuwa wa saa ngapi kwa jumla?" Mpe nafasi afikirie. Swali hili la nne ndilo linaloharakishwa kuliko yote, na msaili mvivu hulijibu mwenyewe kwa kutoa saa moja kwenye nyingine. Akifanya hivyo, kila mtu anaonekana kuwa na ufanisi wa asilimia 100, na kipengele kizima kinakufa.

Kwa asiye na saa wala simu, tumia alama za usiku ambazo muda wake unajulikana: taarifa ya habari ya saa 2 usiku, adhana ya alfajiri, basi la kwanza kupita. Jogoo si alama, huwika ovyo. Kwa dakika za kupata usingizi usiombe namba kwanza. Uliza kama ni muda mfupi au mrefu, kisha umwelekeze kwenye mipaka inayohesabiwa: dakika 15 au chini, 16 hadi 30, 31 hadi 60, zaidi ya saa moja.

Maswali ya vikwazo vya usingizi yana majibu manne: haikutokea mwezi huu (0), chini ya mara moja kwa wiki (1), mara moja au mbili kwa wiki (2), mara tatu au zaidi (3). "Mara kwa mara" siyo jibu. Rudi kwenye wiki na mhesabu usiku pamoja. Vikwazo hivyo ni pamoja na kuhisi joto sana na kuhisi baridi sana, kwa hiyo andika tarehe ya usaili bila kukosa. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, nyumba ya bati Dodoma hushika joto mpaka usiku mwingi. Juni na Julai watu hulalamikia baridi na upepo. Kikundi kimoja kikihojiwa Novemba na kingine Julai, hujalinganisha usingizi wao, umelinganisha misimu. Ndivyo ilivyo pia kwa mwezi wa Ramadhani, ambapo daku hukata usiku vipande viwili, kwa wiki za mitihani ya chuo (UE) pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na kwa msimu ambao wakulima hukesha shambani wakilinda mazao.

Swali la dawa nalo lina mtego. Ukisema "dawa za usingizi", mtu atafikiria vidonge alivyoandikiwa na daktari, atajibu hapana, na usiku huohuo atameza Piriton ili alale. Taja kwa ujumla kidonge chochote alichotumia kwa lengo la kulala, kiwe cha hospitali au cha duka la dawa. Pombe iulize peke yake, nje ya alama, kwa sababu wengi huitumia kwa kazi hiyohiyo na dodoso haliitaji.

Walinzi, wauguzi wa zamu na bodaboda wa usiku hawana "kawaida" moja. Wajazie maswali manne ya mwanzo mara mbili, kwa siku za zamu ya usiku na kwa siku nyingine, na uamue kabla ya kwenda uwandani ni seti ipi itakayoingia kwenye alama.

Kuna jambo dogo linaloharibu data nyingi. PSQI inazunguka katika mipangilio miwili. Katika mmoja swali la 6 linauliza ubora wa usingizi kwa jumla, katika mwingine swali la 6 ni la dawa na ubora umehamia la 9. Ukichapisha dodoso la mpangilio mmoja na kupakua maelekezo ya SPSS (programu ya takwimu) ya mpangilio mwingine, kipengele cha usumbufu wa mchana kitajumlisha maswali yasiyo yake. Kabla ya uchambuzi, kokotoa fomu 5 kwa mkono na kalamu, kipengele kwa kipengele, ulinganishe na kompyuta. Pia haki za dodoso hili ziko Pittsburgh, hivyo omba ruhusa mapema, tofauti na PHQ-9 na GAD-7, madodoso ya sonona na wasiwasi, ambazo hutumika bila kuomba.

Sasa afya ya akili. PHQ-9 hupima dalili za sonona kwa wiki 2 zilizopita, maswali 9, jumla 0 hadi 27; alama 10 na kuendelea ndiyo mpaka unaotumika zaidi kumpeleka mtu kwenye uchunguzi. GAD-7 hupima wasiwasi, jumla 0 hadi 21. Swali la 3 la PHQ-9 ni la usingizi wenyewe: kushindwa kulala, kukatika usingizi, au kulala kupita kiasi. La 4 ni uchovu. Kwa hiyo ukichora uhusiano kati ya PSQI na PHQ-9, sehemu ya uhusiano huo ni usingizi unaojilinganisha na usingizi. Wanafunzi wengi huandika kwa furaha kwamba wamepata uhusiano mkubwa, na msimamizi asipokuwa makini kosa linapita hadi kwenye utetezi wa tasnifu. Kokotoa PHQ-9 mara mbili, nzima na bila swali la 3, uripoti zote mbili. Uhusiano ukibaki baada ya kuondoa swali hilo, hapo una jambo la kusema.

Kumbuka na madirisha ya muda: PSQI inatazama mwezi, PHQ-9 wiki mbili. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita atapanda upande mmoja kuliko mwingine. Usijaribu kurekebisha kwa kumwambia ajibu yote kwa mwezi, maana mipaka ya alama iliwekwa kwa dirisha lake. Na usaili wa siku moja haukupi mwelekeo. Kukosa usingizi huweza kutangulia sonona, na sonona huvuruga usingizi. Anayetaka kujua kipi kilianza lazima awarudie watu walewale baada ya miezi kadhaa.

Kuna mtu mmoja ambaye jumla ya alama inaweza kumkosa. Anapata usingizi wa saa 3 tu kwa usiku, hajisikii kuchoka, ana mipango mingi na maneno yanamtoka mbio. Hatalalamika, atasema usingizi wake ni mzuri sana. Kuhitaji usingizi mdogo namna hii bila uchovu ni dalili ya hali ya kupanda kwa hisia kupita kiasi, na mwenye tatizo hilo anahitaji mtaalamu haraka. Liandike pembeni ya fomu na umjulishe msimamizi siku hiyohiyo.

Swali la 9 la PHQ-9 linauliza mawazo ya kuona afadhali ufe, au ya kujidhuru. Usilisome kwa sauti ya chini wala kuliruka. Watu hulijibu kwa ukweli wakiwa peke yao, hivyo mtendaji au mwenyekiti wa mtaa akishakutambulisha, mshukuru na umwombe kwa heshima akuache na mhojiwa. Mama mkwe aliyekaa mlangoni hubadilisha majibu kama mwenyekiti. Jibu lolote kuanzia 1 lina utaratibu wake, nao lazima uwe umeandikwa kabla ya siku ya kwanza: simamisha dodoso, muulize kwa upole kama ana mpango au njia aliyofikiria, usimwache peke yake kama anao, mpigie mtaalamu aliyepangwa kwa zamu hiyo, na mfikishe kituo cha afya kilicho karibu au Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyopo Dodoma. Namba ya simu ya mtaalamu huyo iwe kwenye karatasi mfukoni, maana betri huisha. Kila fomu isomwe swali la 9 kabla timu haijaondoka kijijini. Kuligundua jibu la 3 siku nne baadaye, ukiwa mjini unaingiza data, ni kumtelekeza mtu aliyekuamini.

Vijijini Bahi na Chamwino wazee wengine huzungumza Kigogo kwa raha zaidi, Kondoa kuna Kirangi, Chemba kuna Kisandawe. Usimwachie mkalimani atafsiri papo kwa papo. Kaeni naye nusu siku mkubaliane maneno ya kila swali, yarekodiwe, kisha mwingine asiyeliona dodoso ayarudishe kwa Kiswahili.

Saa za mkononi zinavutia wafadhili, lakini nyingi hutegemea sana kutulia kwa mkono kutambua usingizi, na mtu aliyelala macho wazi akiwaza madeni ametulia vilevile. Huonyesha usingizi mrefu kuliko ulivyo, hasa kwa wale wasiolala ambao ndio unaowatafuta. Ukizitumia, mhojiwa azivae usiku 7 angalau, na ziambatane na daftari la usingizi.

Daftari hilo ni la wiki 1 hadi 2, ukurasa mmoja kwa kila usiku, juu pameandikwa "usiku wa kuamkia" na siku, ili pasiwe na ubishi kuhusu usiku wa Jumapili ni upi. Lijazwe asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka. Ukilipokea na kurasa zote zina wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka na saa zilezile kila siku, lilijazwa ukiwa njiani kulifuata. Piga simu fupi kila asubuhi kwa siku 3 za mwanzo, uulize tu kama ukurasa umejazwa. Ukurasa uliorukwa ubaki mtupu na upigwe mstari. Usimwombe akumbuke usiku wa juzi.