Jibu: Doa la chai kwenye kochi la mahameli

Ndugu, umeuliza kama doa la chai kwenye mahameli linaoshwa kwa maji na sabuni. Tafadhali usimwage maji bado! Tafuta lebo chini ya mito: W inaruhusu maji, S ni dawa isiyo na maji tu, WS vyote viwili, X ni kufyonza vumbi au kupiga brashi taratibu basi.

Ikiwa ni W, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, pakauke kabisa. Kisha gandamiza doa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kutoka pembeni kuelekea katikati. Cheupe, maana cha rangi huweza kuchuja. Kusugua hapana kabisa. Nyuzi zikishalala vibaya ni kazi kuziinua. Likikauka, pitisha brashi laini kufuata ulalo wa nyuzi.

Ikiwa ni X, mpe fundi.