Kwa mwalimu mpya wa karakana: stima ikipotea, zima swichi

Tangu Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ianze Januari 2026, walimu vijana hapa Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, wananiuliza waanzie wapi wakikabidhiwa karakana ya shule. Huwa nawaambia waanzie kwenye stima.

Huku kwetu mvua ya alasiri huja na radi, na stima hupotea bila taarifa. Tuseme kijana yuko kwenye drili ya mezani. Mashine inasimama, darasa linapiga kelele, naye anaacha kazi yake pale pale na kwenda dirishani kutazama mvua. Swichi bado imewashwa. Stima inaporudi, drili inaanza kuzunguka yenyewe. Kama ufunguo wa kukazia biti ulibaki kichwani mwa mashine, utaruka kama jiwe la kombeo. Kama kuna mwenzake anayepangusa vumbi la chuma pale mezani, vidole vyake vimo hatarini.

Kwa hiyo wazoeze tangu somo la kwanza: stima ikipotea, aliye kwenye mashine anaizima kabla hajapiga hatua, kisha wewe unazima swichi kuu. Msiishie kusema tu. Siku moja washa mashine zizunguke bila kazi, kata stima ghafla, uone nani anakumbuka. Na ukipata pesa kidogo, mwite fundi umeme mwenye leseni aweke swichi za sumaku, zile ambazo stima ikikatika hujiachilia na haziwaki tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Mimi ningenunua hizo kabla ya mashine mpya yoyote.

Grainda, mashine ya mkono ya kukata na kusaga chuma kwa diski, nayo haitaki mchezo. Ile ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski ya inchi tisa imeundwa kustahimili mara 6,600 hivi. Kwenye vibanda vya jua kali kuna wanaoondoa kinga ili diski kubwa iingie kwenye grainda ndogo, na mwanafunzi aliyeona hivyo kwa mjomba wake atataka kujaribu kwako. Diski hiyo inaweza kupasuka usoni mwake. Someni pamoja namba iliyo kwenye diski, mwilinganishe na ya mashine. Diski iliyoanguka sakafuni au kuloa maji, itupe, hata kama ni mpya.

Jambo ambalo walimu wengi hawaambiwi ni moshi wa mabati. Mabati yamepakwa zinki, na ukiyachomelea, moshi mweupe unaotoka huleta homa saa kadhaa baadaye: baridi, kutetemeka, maumivu ya mwili, kiu. Mtoto yuko nyumbani jioni, na katika eneo letu kila mtu atasema ni malaria. Mzazi ampeleke akapimwe, lakini wewe mwambie mchana huo mtoto alikuwa anachomelea nini, ili daktari naye ajue. Chomeleeni nje penye upepo, na zinki iondolewe kwanza pale patakapounganishwa. Wanaotazama bila kioo cha kuchomelea pia huumia. Usiku macho huwawasha kana kwamba yana mchanga.

Tai zivuliwe, mikono ya sweta ikunjwe, nywele ndefu na hijabu zichomekwe ndani ya dastikoti. Glavu ni za kuchomelea. Kwenye drili zivuliwe, kwa sababu biti ikinasa glavu inavuta na mkono.

Ukiwa na darasa la wanafunzi hamsini, usiwaingize wote kwenye mashine. Wachache wafanye kazi mbele ya macho yako, wengine wachore. Mashine ikikosa kinga, mwandikie mkuu wa shule barua yenye tarehe na ubaki na nakala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, kwa hiyo hilo ombi lako si usumbufu, na mkuu akikuharakisha kwa sababu ya mitihani, mwonyeshe sheria hiyo kwa heshima. Wakati mnasubiri, chomoa plagi, ifungie kwenye kabati, na ufundishe tupa na msumeno wa mkono kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani. Kazi hiyo peke yake inatosha muhula mzima.