Kabla uandikishe biashara, jiulize deni litakuja kwa nani

Karibu kila wiki kuna kijana anaingia hapa dukani, simu iko mkononi na eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, imefunguka tayari, ananiuliza, "Auntie, nifungue jina la biashara ama nifungue limitedi?" Limitedi ni kampuni, ile yenye neno Limited mwisho wa jina. Mimi humrudishia swali kwanza. Unauza nini, unauzia nani, na mali unachukua kwa pesa taslimu ama kwa deni? Hiyo ya mwisho ndiyo huwa na jibu, na wengi hawajawahi kuifikiria, wamefikiria jina tu na rangi ya logo.

Mimi hii kitu niliijua kwa kulipa. Tulianza wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu shule, kachumba kadogo juu ya duka River Road, Nairobi, tunaprinti tisheti na mabango ya harusi. Hatukuandika karatasi yoyote juu tulikuwa tunaaminiana, pesa inaingia kwa simu yake alafu jioni tunagawana. Siku moja akachukua karatasi na wino wa 180,000 kwa mkopo, kwa jina la duka, mimi sina habari, na mwezi uliofuata akapata kazi Ughaibuni akaenda. Mwenye mali akaja kwangu. Nikamwambia mimi sikusaini kitu, na nilikuwa na uhakika kabisa niko salama, mpaka wakili akanikalisha chini akanieleza kwamba sheria ya ubia ya 2012 haiangalii kama mliandikishana, watu wawili wakifanya biashara pamoja kutafuta faida hao tayari ni wabia, na deni ambalo mmoja amechukua kwa kazi ya hiyo biashara mwenye kudai anaweza kulidai lote kwa yule aliye karibu. Si nusu. Lote. Nililipa miezi kumi na moja.

Kwa hivyo wewe mwenye uko na patna na mnasema mtaandikisha "baadaye tukikua", jua mshachagua tayari. Mmechagua ile hatari kuliko zote.

Sasa jina la biashara. Hii ni rahisi, nilipoandikisha langu nililipa shilingi 950, unafanyia kwa simu, na ukiwa peke yako unatumia PIN yako mwenyewe ya KRA, ile namba ya kodi kutoka kwa mamlaka ya kodi. Kama unauza mitumba Gikomba, ama una saluni, ama kibanda cha chakula, unanunua leo unauza leo na hakuna mtu anakudai, hiyo inakutosha, usikubali mtu akuharakishe. Lakini elewa ni nini umenunua. Jina la biashara ni wewe ukiwa umevaa kofia ingine. Duka likishtakiwa umeshtakiwa wewe, na kama uko na kashamba kule nyumbani ama pikipiki, hizo nazo ziko mezani. Tena cheti hakimaanishi hilo jina ni mali yako, mtu akianza kulibandika kwa bidhaa zake utapata shida kumzuia, ulinzi wa jina na alama unatafutwa kwingine, KIPI, ofisi ya serikali ya hakimiliki za viwanda, kwa kusajili alama ya biashara. Na kuna jambo watu hawapendi kulitaja: mwenyewe akifa, hiyo biashara haina maisha yake. Nimeona mama wa watoto watatu akizungushwa na mambo ya urithi kortini huku mali ya duka inakaa tu na kodi ya nyumba inadaiwa. Iliniuma sana hiyo.

Limitedi ni mtu mwingine. Ndiyo maana yake yote, sheria inaitambua kama mtu, inadai na inadaiwa kwa jina lake, na wewe unaweza kuondoka ama kufa na yenyewe ibaki. Tangu ile sheria ya kampuni ya 2015 hata mtu mmoja anaweza kuifungua peke yake, hauhitaji kuweka jina la bibi ama la shosho kwa fomu ndiyo mfike wawili kama zamani. Mimi ilinigharimu 10,650. Katibu wa kampuni haulazimiki kuwa naye kama mtaji uliolipiwa, yaani pesa wenye hisa wametoa kweli, haujafika milioni 5, na kuna watu wanauziwa huyo katibu kila mwaka bila haja yoyote. Hapo kwa mtaji pia kuwa makini. Mtu anaandika hisa za milioni mbili ati ionekane kampuni kubwa, na hisa ambazo haujalipia ni deni lako kwa kampuni, siku ikianguka ndiyo utaulizwa hiyo pesa iko wapi. Andika kiasi kile unaweza kutoa kweli.

Na usidhani ukishakuwa director hakuna anayeweza kukugusa. Ukienda benki na kampuni changa watakuambia usaini dhamana yako binafsi, na wenye nyumba wengine pia. Ukisaini hapo ule ukuta kati ya mali yako na deni la kampuni umeubomoa mwenyewe kwa hilo deni moja. Soma kabla ya kusaini, hata kama kuna foleni nyuma yako.

Gharama yenyewe ya limitedi haiko kwa kufungua, iko kwa kuilisha. Nilifungua ya pili juu ya tenda fulani, tenda ikanipita, nikaiacha hiyo kampuni ikalala. Kumbe kulala hakuiondolei kazi. Kila mwaka inatakiwa kupeleka ripoti yake kwa msajili wa kampuni, na KRA inatakiwa kufailiwa hata kama haijaingiza shilingi. Mtu binafsi asipofaili kwa wakati faini ni 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile iko juu. Kampuni ni 20,000 ama hiyo asilimia 5. Miaka mitatu ya kampuni imelala, hesabu mwenyewe. Siku nimepata tenda ya maana nikaitisha cheti cha kulipa kodi, hizo faini ndizo zilinipokea. Kama hauitaki tena, omba ifutwe rasmi, usiisahau kwa droo.

Alafu pesa ya kampuni si yako. Hii inasumbua watu wa mtaa sana, tumezoea kutoa kwa tili, ile namba ya kupokea malipo ya simu, unalipa fees ya mtoto. Kwa limitedi unajilipa mshahara na unakata PAYE, kodi ya mshahara, ama unangoja faida na kujigawia gawio, yaani sehemu ya faida ya mwenye hisa, ambalo kwa mkaazi wa Kenya linakatwa asilimia 5. Ukichanganya, siku ya kesi mtu anaweza kusema hiyo kampuni ni wewe tu.

Kuhusu kodi nitasema kidogo, maana wengi hudhani limitedi inapunguza. Mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ile kodi ya mauzo ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na inagusa wote, mwenye jina na mwenye kampuni. Inahesabiwa kwa mauzo, si kwa faida, kwa hivyo kama unauza unga na faida ni kidogo inauma, na uko na ruhusa ya kuomba kutoka kwayo ulipe kwa faida. Ukitoka, kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, nawe mtu binafsi unapanda ngazi kutoka asilimia 10 hadi 35. Kwa biashara ndogo, kodi isiwe sababu ya kuchagua.

Mkiwa wawili na mmeamua limitedi, tafadhali msigawane hamsini kwa hamsini mkaachia hapo. Mkikosana hakuna wa kuamua na akaunti ya benki inasimama. Andikeni nani ana neno la mwisho kwa jambo gani, na mmoja akitaka kutoka hisa zake zinauzwa kwa nani na bei inapatikana aje. Kuandika si kumshuku mtu. Mimi na yule rafiki yangu tungeandika ukurasa mmoja, labda leo tungekuwa tunapigiana simu.

Kama ulianza na jina na sasa unahamia limitedi, deni la zamani halihami, linabaki lako. Fungua akaunti mpya, tili mpya, PIN ya kampuni, mwambie mwenye nyumba mwandikiane upya, na kila msambazaji aandike invoisi kwa jina la kampuni lote mpaka na lile neno la mwisho, Limited. Na ukisaini, andika chini yake kwamba unasaini kwa niaba ya kampuni. Mimi hiyo kazi ilinichukua wiki sita, na msambazaji mmoja wa wino bado hunitumia invoisi kwa jina langu, namrudishia kila mara mpaka arekebishe.