Pwani ya 1498 ndani ya Unciv: pa kunyoosha na pa kukunja

Unciv ni mchezo wa zamu kwa zamu wa kujenga dola kwenye ramani ya vigae vya pembe sita, na hapa tunauchorea ramani ya pwani yetu ya 1498, mwaka Vasco da Gama alipofika. Kutoka Malindi hadi Mombasa hakufiki hata digrii 1 ya latitudo. Ukichora ramani kwa kipimo cha kigae 1 kwa kila digrii, miji hiyo inaangukia vigae vinavyogusana, na Unciv haitakubali: sheria yake ya msingi inadai vigae 3 kati ya mji na mji. Hapa ndipo ramani nyingi za pwani yetu zinapoharibikia. Mchoraji ananakili atlasi kwa uaminifu wote, anaanzisha mchezo, kisha anakuta Malindi imesukumwa bara na Lamu haikujengwa kabisa.

Anza na miji, atlasi ifuate. Kati ya Lamu na Kilwa sahau digrii. Hesabu hatua (safu za vigae) 4 Lamu hadi Malindi, 4 hadi Mombasa, 4 hadi Unguja, 5 hadi Kilwa: jumla safu 17. Toka Mogadishu hadi Lamu weka 5, Kilwa hadi Kisiwa cha Msumbiji 6, na hapo hadi Sofala 5. Kaskazini ya Mogadishu hadi Maskati bana hadi safu 18, na kusini acha safu 5. Unapata safu 56. Vigae vya Unciv vimepangana wima, unaweza kwenda kaskazini moja kwa moja bila kupinda, kwa hiyo hesabu hii inashika vizuri.

Bahari nayo ikunjwe. Mogadishu na Calicut, bandari ya India, zimeachana kwa digrii 30 za longitudo. Vigae 30 vya maji matupu ni zamu 8 kwa chombo chenye mwendo wa 4. Weka 15, safari iwe zamu 4. Ukiongeza bara la Afrika, mteremko wa pwani na ukanda wa India, safu wima 40 zinatosha. Ramani yote ni vigae 2,240, simu ya kawaida inaimudu.

Kabla ya kugusa kihariri ramani, tengeneza modi yako (kifurushi cha mafaili kinachobadili kanuni za mchezo) na uiwashe. Ramani hukumbuka modi iliyochorewa, na dola usiyoiandika kwenye Nations.json, faili la dola, haitaonekana unapoweka sehemu za kuanzia. Kilwa, Mombasa, Mutapa (ufalme wa bara nyuma ya Sofala), Gujarat ya India na Ureno ziwe dola kamili. Malindi, Lamu, Mogadishu na Hormuz ziwe miji-dola, kwa sababu mji-dola hautumi walowezi, nao hautajaza pwani kwa miji isiyokuwepo. Kuna kosa moja linalojirudia sana: kuipa Oman nguvu kubwa mwaka 1498. Wakati huo Maskati, bandari ya Oman, ilikuwa chini ya Hormuz, ufalme wa mlango wa Ghuba. Nasaba ya Yaarubi ilianza 1624 na kuwatoa Wareno Maskati 1650.

Mali nazo zina tarehe. Karafuu ilishika Unguja katika karne ya 19, kwa hiyo usiweke viungo kisiwani; viweke Malabar, pwani ya Calicut. Ubani uende Hadhramaut na Dhofar kusini mwa Uarabuni, pamba Gujarat, lulu Ghuba, pembe za ndovu bara. Dhahabu iwe kwenye nyanda za juu nyuma ya Sofala, mikononi mwa Mutapa, kwa kuwa Zimbabwe Kuu ilikuwa imeshapoteza enzi yake. Ukitaka Zimbabwe Kuu ikiwa hai, rudisha mchezo hadi 1331, mwaka Ibn Battuta alipofika Kilwa, na uwaondoe Wareno kabisa. Kuchanganya nyakati hizo mbili kunaharibu zote.

Nyuma ya Mombasa na Malindi chora nyika: vigae 3 vya ardhi kavu visivyo na mali yoyote. Bila nyika, kompyuta inaacha bahari na kukimbilia bara, na baada ya zamu 50 unabaki na dola ya wakulima yenye jina la Kilwa.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni vyombo. Kwa kanuni za kawaida Trireme, meli ya kale ya vita ya mchezo huu, haiingii bahari kuu, na wanajeshi waliopakiwa majini hawaivuki mpaka teknolojia ya Astronomy ipatikane. Kwa pwani hii ni uongo mtupu. Majahazi yalikuwa yakienda Gujarat na kurudi kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya Vasco da Gama. Kwa hiyo fungua Units.json, faili la vyombo na wanajeshi, nakili Trireme, iite Jahazi, andika "replaces": "Trireme" na "uniqueTo": "Kilwa", halafu ufute mstari wa "Cannot enter ocean tiles". Rudia kwa Mombasa na Gujarat, kila moja kwa jina lake. Nguvu ishushe toka 10 hadi 8, kwani ni chombo cha biashara. Pepo zenyewe usijaribu kuziiga: zamu moja ikibeba mwaka au zaidi, kaskazi na kusi zote zimo ndani yake.

Ureno haina nchi kwenye ramani hii. Ipe kisiwa cha vigae 12 kwenye kona ya kusini-magharibi, chenye chuma, kisichounganika na Afrika. Ukianza enzi ya Renaissance, Astronomy bado haijapatikana, basi nau yao, yaani meli yao ya safari ndefu, iige Caravel, meli ya mchezo inayodai Astronomy, lakini "requiredTech" iwe teknolojia ya Compass. Nguvu 20 dhidi ya 8 inatisha, na ndivyo ilivyokuwa: 1505 Francisco de Almeida aliipiga Kilwa, kisha Mombasa, kutoka baharini. Chombo cha mapambano ya karibu kama Caravel kinaweza kuteka mji wa pwani, hivyo hawahitaji jeshi la nchi kavu.

Katika Eras.json, faili la enzi, weka "startingSettlerCount" kuwa 1, la sivyo mlowezi wa pili atajenga mji usioutaka. Kila sehemu ya kuanzia iwe kigae cha mji wenyewe, kinachogusa maji angalau pande 2. Ikikosea hata kigae kimoja, mji utazaliwa bila bandari.

Kisha jiweke Spectator, yaani mtazamaji, uache kompyuta icheze zamu 100. Mombasa ikianguka kabla ya zamu ya 15, sogeza kisiwa cha Wareno mbali zaidi kwa vigae 4 au 5. Nau yao isipoonekana Malindi kufikia zamu ya 40, tazama kama kisiwa hicho kina chakula cha kutosha.